Sheria ya ajira ikibadilika: mwongozo kamili kwa mwajiri, kuanzia tangazo hadi slipu ya mshahara

Sheria mpya ya ajira ikitangazwa, swali la kwanza la waajiri wengi ni adhabu yake ni kiasi gani. Ni swali halali, lakini likitangulia huvuruga mengine yote. Adhabu humfika mwajiri ambaye tayari amechelewa. Hasara kubwa huwa imeanza zamani, tena kimyakimya. Mhasibu anaendelea kukata kwa kiwango cha zamani miezi mitatu mfululizo. Msimamizi wa zamu anawaita watu nusu saa mapema bila kuiandika. Mkataba uliochapwa miaka sita iliyopita bado unasainiwa na kila mgeni anayeajiriwa. Siku mkaguzi wa kazi anapobisha hodi, deni limeshajikusanya.

Kwa hiyo hapa tunafuata kanuni moja: badiliko lolote lifuatilie mpaka limfikie mfanyakazi mmoja mwenye jina, kwenye slipu yake, mkataba wake na ratiba yake. Kama huwezi kuonyesha kwenye karatasi za mtu huyo ni kipi kimebadilika, bado hujatekeleza sheria, hata kama umehudhuria semina zote. Kanuni hii inamfaa mwenye wafanyakazi watano sawasawa na mwenye mia tano. Tofauti ni kwamba yule wa watano hufanya kila kitu mwenyewe, na ndiye anayehitaji zaidi utaratibu mfupi ulioandikwa.

Hatua ya 1: Tambua badiliko ni la aina gani

Muswada si sheria. Inaonekana wazi, lakini kuna waajiri wanaoanza kukata tozo kwa sababu wameona ukurasa wa muswada ukizunguka kwenye simu, na wapo wanaopuuza sheria iliyokwisha kuanza kwa sababu wanaamini bado inajadiliwa bungeni. Ukipata taarifa yoyote, uliza kwanza: hii imefika wapi? Imesomwa bungeni, imesainiwa, imechapishwa kwenye gazeti la serikali, au ni kauli ya waziri kwenye mkutano?

Baada ya sheria yenyewe kuna kanuni na amri za waziri, na mara nyingi hapo ndipo penye mambo ya kufanya. Sheria inaweza kusema tu kwamba mwajiri atachangia mfuko fulani. Kiwango, fomu, tarehe ya kuwasilisha na riba ya kuchelewa vinakuja kwenye kanuni, pengine miezi kadhaa baadaye. Kima cha chini cha mshahara katika nchi nyingi hubadilishwa kwa amri, bila sheria mama kuguswa hata neno moja. Anayefuatilia bunge peke yake ataikosa.

Hukumu za mahakama ndizo huwashtua watu zaidi, kwa sababu hakuna kura iliyopigwa. Tarehe 14 Mei 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi kati ya chama cha wafanyakazi cha CCOO na tawi la Deutsche Bank la Hispania. Ilisema nchi wanachama zinapaswa kuwalazimu waajiri kuwa na mfumo wa kupima muda anaofanya kazi kila mfanyakazi kila siku. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini na likizo ya malipo, ijapokuwa mikataba yao iliwaita watu waliojiajiri. Sheria iliyotumika kuamua ilikuwa ileile ya miaka yote. Kilichobadilika ni namna ya kuisoma, na waajiri wenye mikataba ya namna hiyo waliamka asubuhi na deni ambalo jana yake hawakulihesabu.

Mikataba ya kimataifa ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, haikufungi moja kwa moja. Inaifunga nchi inayoiridhia. Faida yake kwako ni kukuonyesha mapema upepo unakoelekea. Mkataba namba 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini ulipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021. Mwajiri aliyeusoma wakati huo alijua kwamba sheria za unyanyasaji zingesogea kutoka kumwadhibu mkosaji hadi kumdai mwajiri athibitishe alichofanya kuzuia. Uingereza, kwa mfano, ilianza kudai hivyo kuhusu unyanyasaji wa kijinsia tarehe 26 Oktoba 2024: mwajiri lazima achukue hatua za kuridhisha kuuzuia kabla haujatokea, na akishindwa, fidia inayoamriwa na baraza la ajira inaweza kuongezwa hadi asilimia 25.

Kwa vitendo: mteue mtu mmoja kwa jina. Kila wiki apitie gazeti la serikali, tovuti ya wizara ya kazi, ya mamlaka ya kodi na ya mfuko wa hifadhi ya jamii, pamoja na taarifa za chama cha waajiri kama mmejiunga. Kazi yenyewe haichukui saa nzima. Anachokiona akiandike kwenye jedwali moja lenye namba ya sheria, tarehe zake, anayeguswa, kinachopaswa kubadilika na mhusika wa kukibadilisha. Jedwali hilo ndilo utakaloliona likirudi kwenye kila hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Tenganisha tarehe

Sheria moja inaweza kuwa na tarehe nne: ya kupitishwa, ya kusainiwa, ya kuanza kutumika na ya mwisho wa kipindi cha mpito. Inayokubana wewe huenda ni ya tatu kwa kifungu kimoja na ya nne kwa kingine. Soma kifungu cha mwanzo kinachotaja kuanza kutumika, kisha nenda moja kwa moja mwishoni kwenye masharti ya mpito kabla hujasoma katikati. Ukizijua tarehe, utajua ni vifungu gani vya kusomwa usiku huu na vipi vinaweza kungoja.

Australia inatoa mfano mzuri. Haki ya mfanyakazi kutopokea simu na ujumbe wa kazi nje ya saa zake ilianza kutumika huko tarehe 26 Agosti 2024. Kwa biashara ndogo, zenye wafanyakazi chini ya 15, ilianza mwaka mmoja baadaye, 26 Agosti 2025. Mwenye wafanyakazi 14 aliyeajiri wawili mwezi wa Novemba 2024 alihamia upande wa pili wa mstari bila barua kutoka kwa mtu yeyote.

Muda mrefu wa maandalizi nao una mtego wake. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu uwazi wa mishahara yalipitishwa Mei 2023, na nchi wanachama zikapewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuyaingiza kwenye sheria zao. Yanamzuia mwajiri kumuuliza mwombaji kazi alikuwa akilipwa kiasi gani alikotoka, yanataka kiwango cha mshahara kijulikane mapema kwa mwombaji, na yanawataka waajiri wakubwa watoe takwimu za tofauti ya malipo kati ya wanawake na wanaume. Miaka mitatu inaonekana mingi. Lakini aliye na pengo la malipo lisiloelezeka anaihitaji kila robo mwaka ya muda huo, kwa sababu mishahara haisawazishwi kwa mwezi mmoja bila kuivunja bajeti.

Angalia pia kama sheria inagusa yaliyopita. Kwa kawaida haki mpya huhesabiwa kuanzia siku sheria inapoanza. Hukumu ni jambo jingine: mahakama ikisema sheria ilikuwa na maana hii tangu mwanzo, mfanyakazi anaweza kudai malimbikizo ya nyuma hadi pale ukomo wa kufungua madai utakaporuhusu. Ukomo huo unatofautiana nchi kwa nchi. Uandike kwenye jedwali lako, maana ndio unaokuambia deni lina urefu gani.

Hatua ya 3: Orodhesha wanaoguswa, kwa majina

Chukua orodha ya mishahara, si muundo wa ofisi uliobandikwa ukutani. Pitia jina moja moja ukijiuliza: huyu anaingia? Mkataba wa muda maalumu, aliye kwenye majaribio, kibarua wa kutwa, mwanafunzi wa mafunzo kazini, anayefanyia kazi nyumbani, aliyeletwa na wakala. Sheria nyingi za karibuni zimeandikwa mahsusi kwa ajili ya makundi haya, kwa sababu ndiko waajiri walikokuwa wakikimbilia sheria za zamani zilipobana.

Kundi linalohitaji macho zaidi ni la wanaoitwa wakandarasi huru. Jina lililo kwenye mkataba lina uzito mdogo mahakamani. Kinachotazamwa ni uhalisia: nani anapanga saa za kazi, nani anaweka bei, anaweza kumtuma mtu mwingine badala yake, ana wateja wengine, vifaa ni vya nani, akikataa kazi anapata adhabu? Hispania ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021 kwa sheria inayochukulia tangu mwanzo kwamba wasambazaji wa vyakula wanaotumia majukwaa ya mtandaoni ni waajiriwa, na inayowapa wawakilishi wa wafanyakazi haki ya kuelezwa namna programu inavyogawa kazi.

Keti na kila "mkandarasi" wako na ujibu maswali hayo kwa maandishi. Kama majibu yanaelekea kwenye uajiriwa, hapo ndipo pa kumlipa wakili, kabla ya kitu kingine chochote kwenye mwongozo huu. Deni la mtu aliyeainishwa vibaya lina mishahara ya likizo, michango ya hifadhi ya jamii ya pande zote mbili, kodi na riba. Katika nchi nyingi ule mchango ambao mfanyakazi angekatwa nao humrudia mwajiri, maana huwezi kumkata leo kwa ajili ya miaka mitano iliyopita.

Hatua ya 4: Piga hesabu mpaka chini

Waajiri wengi hupiga hesabu ya badiliko kwa kuzidisha nyongeza kwa idadi ya watu, wakaishia hapo. Tuifanye kwa mfanyakazi mmoja tuone inavyokuwa.

Tuseme analipwa 400,000 kwa mwezi kwa saa 200. Amri mpya inapandisha kima cha chini hadi 460,000. Nyongeza ni 60,000, na ndiyo itakayotajwa kwenye kikao. Sasa fuatilia. Mshahara wake kwa saa ulikuwa 2,000, umekuwa 2,300. Anafanya ovataimu saa 20 kwa mwezi kwa kiwango cha mara moja na nusu. Zamani ovataimu ilikuwa 60,000, sasa ni 69,000. Malipo yake yote yametoka 460,000 hadi 529,000. Mwajiri anachangia jumla ya asilimia 12 juu ya malipo hayo kwa hifadhi ya jamii na tozo nyingine: ilikuwa 55,200, imekuwa 63,480. Ukijumlisha vyote, mtu huyu ameongeza gharama ya 77,280 kwa mwezi, zaidi ya robo juu ya ile 60,000 iliyotajwa.

Hatujamaliza. Tuseme sheria inampa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, kwa kiwango cha mshahara wa mwisho, na ametumikia miaka minane. Kwa siku 25 za kazi kwa mwezi, mshahara wa siku umetoka 16,000 hadi 18,400. Siku 56 zinazidi kwa 2,400 kila moja, yaani 134,400 zimeongezeka kwenye deni lako siku ileile amri ilipoanza, ingawa hakuna aliyeondoka. Siku za likizo alizolimbikiza nazo zimepanda thamani vivyo hivyo.

Kisha kuna aliye juu yake. Kiongozi wa kikundi aliyekuwa akilipwa 470,000 alikuwa amemzidi kwa 70,000. Sasa amemzidi kwa 10,000, akiwa na funguo, ripoti za kila jioni na lawama zote. Sheria haikulazimishi kumwongezea. Lakini ndiye atakayeondoka kwanza, na kumpata mwingine kutakugharimu zaidi ya nyongeza uliyomnyima. Kwa maoni yangu, bajeti yoyote ya kima cha chini isiyo na mstari wa watu wa ngazi inayofuata haijakamilika.

Makato mapya yanayomwangukia mfanyakazi yanahitaji hesabu ya namna nyingine. Kenya ilipohamia Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, mchango ukawa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Chini ya mfumo wa zamani wa bima ya afya, NHIF, mchango wa juu kabisa ulikuwa shilingi 1,700. Mwenye mshahara wa 200,000 alitoka 1,700 hadi 5,500. Mwajiri hakuongeza senti kwenye mchango huo, hivyo wengine wakadhani hauwahusu. Unawahusu, kwa sababu Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inazuia jumla ya makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mfanyakazi aliyekuwa na mkopo wa benki, wa chama cha akiba na mkopo, na tozo ya nyumba juu yake, angeweza kuvuka mpaka huo mwezi huohuo. Aliyeandaa mishahara kwa kubadili kiwango tu kwenye programu, bila kupitia wanaokaribia mpaka, alivunja sheria moja akitekeleza nyingine.

Kwa hiyo kabla ya mwezi wa kwanza, endesha mishahara ya majaribio. Wachague watu wachache wa aina tofauti: wa chini kabisa, wa juu kabisa, mwenye mikopo mingi, aliyeanza katikati ya mwezi, aliye kwenye likizo ya uzazi, anayeondoka. Zipige slipu zao kwa mkono, ulinganishe na zile za programu. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, tafuta sababu. Usimwachie muuza programu kazi hii. Yeye hatashtakiwa.

Hatua ya 5: Rekebisha mikataba na sera

Sheria ikitoa haki kubwa kuliko mkataba, sheria ndiyo inayoshika. Mkataba ukitoa haki kubwa kuliko sheria, mkataba ndio unaoshika, na huwezi kuutumia ujio wa sheria mpya kama kisingizio cha kumshusha mfanyakazi. Kama mlikubaliana notisi ya siku 60 na sheria mpya inataka 30, unadaiwa 60 mpaka mtakapokubaliana upya kwa hiari yake.

Kosa la kawaida kwenye mikataba ni kunakili tarakimu za sheria. Kifungu kinachosema "mfanyakazi atapata likizo ya siku 28" kinakufunga hata siku sheria itakapobadilika, na kikisema pungufu kinakuaibisha mbele ya mkaguzi. Mambo ambayo umeamua mwenyewe, kama mshahara, cheo na mahali pa kazi, yaandike waziwazi. Yanayotoka kwenye sheria yaandike hivi: "Mfanyakazi atapata likizo ya mwaka isiyopungua kiwango kilichowekwa na sheria inayotumika wakati huo." Tarakimu za sasa ziweke kwenye kiambatisho chenye tarehe, kinachoweza kubadilishwa bila kusaini mkataba upya.

Kwa mikataba ya zamani, usiwaite watu wote wasaini mipya kwa haraka. Badiliko linalowaongezea haki linatosheka na barua ya taarifa. Linalogusa masharti yao kwa namna yoyote isiyo na faida kwao linahitaji mashauriano na ridhaa, na kama kuna makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, anzia kwa chama. Saini iliyopatikana kwa kauli ya "saini au nenda" ni ushahidi dhidi yako.

Sera nazo zipitiwe, hasa ya nidhamu, malalamiko, unyanyasaji na taarifa binafsi. Sheria za kulinda taarifa binafsi zimeenea upesi: Umoja wa Ulaya zilianza kutumika Mei 2018, Kenya ikapitisha yake mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Faili la mfanyakazi lenye majibu ya hospitali, nakala za vyeti vya watoto na namba ya akaunti ya benki sasa lina sheria yake. Panga nani anaruhusiwa kulifungua, linatunzwa miaka mingapi na linaharibiwaje. Wanaotumia programu za kuchuja waombaji kazi waangalie pia Umoja wa Ulaya, ambako sheria ya akili bandia ya mwaka 2024 imeziweka programu hizo kwenye kundi la hatari kubwa, na tangu tarehe 2 Februari 2025 imepiga marufuku mifumo inayosoma hisia za wafanyakazi kazini, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama.

Hatua ya 6: Muda wa kazi na kumbukumbu

Kesi nyingi za malipo huamuliwa na karatasi. Mfanyakazi anasema alifanya ovataimu saa 15 kila wiki. Mwajiri anasema si kweli. Daftari liko wapi? Katika nchi nyingi kutunza kumbukumbu ni wajibu wa mwajiri, na asipokuwa nazo, neno la mfanyakazi hupata nguvu.

Fikiria zamu inayoanza saa mbili asubuhi. Msimamizi amezoea kusema njooni saa mbili kasoro robo mpokeane zana na mvae vifaa vya kujikinga. Ni dakika 15. Kwa siku 25 ni saa sita na robo kwa mwezi, kwa mwaka ni saa 75. Kwa watu 40 ni saa 3,000 za kazi zilizofanywa na hazikulipwa, na kama zimevuka saa za kawaida, zinadaiwa kwa kiwango cha ovataimu. Sheria au hukumu ikitamka kwamba muda wa kujiandaa ni muda wa kazi, hilo ndilo deni. Ama zamu ianze kuhesabiwa pale watu wanapotakiwa kufika, ama watu wafike inapoanza.

Tunza slipu, mahudhurio, maombi ya likizo na majibu yake, barua za onyo na kumbukumbu za vikao, kwa miaka isiyopungua ile inayotakiwa na sheria ya kazi na ya kodi. Zikitofautiana, shika iliyo ndefu.

Hatua ya 7: Wafundishe wasimamizi, kisha waambie wafanyakazi

Sheria huvunjwa mara nyingi na msimamizi mwenye nia njema ambaye hakuambiwa. Anamkatalia mama ruhusa ya kunyonyesha kwa sababu mzigo umefika. Anamuuliza mwombaji kazi kama anatarajia kuolewa. Anamtumia mtu aliye likizo ujumbe saa nne usiku. Kila kimoja cha hivyo kinaweza kuwa shauri, na anayeshtakiwa ni kampuni.

Mafunzo ya wasimamizi yawe mafupi, yenye matukio yao wenyewe: huyu akija na ombi hili, utasema nini, utaandika wapi, utamjulisha nani? Nusu saa ya namna hiyo inazidi siku nzima ya kusomewa vifungu. Waandike majina waliohudhuria na tarehe. Siku ukiulizwa ulichukua hatua gani kuzuia, karatasi hiyo ndiyo jibu.

Wafanyakazi wenyewe waambiwe kabla ya slipu ya kwanza kubadilika, si baada ya hapo. Barua iseme nini kimebadilika, kuanzia lini, kwa sheria ipi, na iwekewe slipu ya mfano ya kabla na ya baada. Makato yakiongezeka bila maelezo, mfanyakazi huamini kwamba mwajiri amemwibia, na kumwondolea shaka hiyo baadaye ni kazi kubwa. Taja mtu wa kumwuliza, na mtu huyo awe anajua majibu.

Hatua ya 8: Usikimbilie kupunguza watu

Gharama zikipanda, wazo la kupunguza wafanyakazi huja haraka. Mkataba wa ILO namba 158 wa mwaka 1982 unataka kuwe na sababu halali inayohusiana na mwenendo au uwezo wa mfanyakazi, au mahitaji ya uendeshaji, na sheria za nchi nyingi zimejengwa juu ya wazo hilo. Gharama mpya inaweza kuwa sababu halali. Lakini ni lazima ithibitishwe kwa hesabu, mashauriano yafanyike kwa dhati, vigezo vya kuchagua wanaoondoka viwe wazi na njia nyingine ziwe zimetazamwa kwanza: kusitisha ajira mpya, kupanga upya zamu, kupunguza ovataimu, kuongeza bei. Anayemwondoa aliyepata haki mpya, kama mjamzito baada ya likizo ya uzazi kurefushwa, atashindwa kueleza kwamba ilikuwa nasibu.

Jumlisha pia gharama ya kuachisha: notisi, kiinua mgongo, likizo zilizobaki, na uwezekano wa fidia mambo yakienda mrama. Kenya, kwa mfano, mahakama inaweza kuamuru fidia ya hadi mshahara wa miezi 12 kwa kuachishwa isivyo haki. Mara nyingi jumla hiyo inazidi gharama ya kumbakiza mtu kwa mwaka mzima wakati biashara ikijipanga.

Hatua ya 9: Sheria ikitenguliwa

Sheria za ajira hupingwa mahakamani kuliko watu wanavyodhani, na mwajiri hubaki katikati. Marekani, serikali kuu ilipandisha kiwango cha mshahara ambacho chini yake wafanyakazi wengi wa ofisini wanastahili ovataimu: kutoka dola 35,568 kwa mwaka hadi 43,888 kuanzia tarehe 1 Julai 2024, kisha kingefika 58,656 tarehe 1 Januari 2025. Tarehe 15 Novemba 2024 mahakama ya Texas ikaifuta kanuni yote na kiwango kikarudi 35,568. Kuna waliokuwa wameshapandisha mishahara tangu Julai. Kisheria wangeweza kuishusha kwa kazi zijazo, lakini fikiria kumwambia mtu mwezi wa Desemba kwamba nyongeza yake imefutwa.

Kenya ilipita njia ngumu zaidi kwa tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri, iliyoanzishwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ilitamka kwamba ni kinyume cha katiba, lakini ikaruhusu iendelee kwa muda. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza muda huo na makato yakasimama. Machi 2024 ikaja sheria mpya ya nyumba za bei nafuu na makato yakarudi. Mwajiri alianza, akasimama, akaanza tena, yote ndani ya mwaka mmoja.

Katika hali ya namna hiyo, fuata amri iliyopo siku unayolipa mishahara, si utabiri wa wakili kwenye runinga. Weka nakala ya hukumu au tangazo ulilolitumia kwenye faili la mishahara ya mwezi husika. Kama tozo imesimamishwa lakini rufaa ipo, mwambie mfanyakazi kwamba inaweza kurudi, na sehemu yako wewe mwajiri itenge pembeni badala ya kuitumia. Fedha uliyokwisha kuikata kwa ajili ya serikali na hujaiwasilisha usiishike kama yako: iwasilishe au irudishe, kwa kadiri amri inavyosema, na uiandike kwenye slipu kwa mstari wake. Kila hatua kati ya hizi iingize kwenye jedwali la hatua ya kwanza pamoja na tarehe, ili atakayeshika kazi baada yako ajue kwa nini slipu za Februari hazifanani na za Machi.